Herufi Mbili Zilizozimika Dukani kwa Haji Awale

Mpaka leo mtu akitamka neno "kuuza" karibu nami masikio yananiwaka, na najua mtashangaa, kwa sababu si tusi, ni neno ambalo kila mtu wa Isiolo analisema kutwa mara mia akiwa na mbuzi au hata bila mbuzi, lakini mimi neno hilo lilinivua nguo mbele ya soko zima, na nguo zenyewe siku hiyo nilikuwa nimezipiga pasi mara mbili. Nitawaeleza yote, hata yale ambayo mama yangu hayajui. Kujificha nilishajaribu, haikusaidia.

Jina langu Galgalo, na wakati wa mkasa huu, miaka ya themanini, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na meza moja. Meza ilikuwa kwenye varanda ya duka la Haji Awale, pale mjini, na juu yake nilitengeneza redio. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kutoka kwenye kitabu kilichokosa jalada na kurasa za mwanzo (kwa hiyo misingi ya umeme siijui vizuri, mimi nilianzia ukurasa wa kumi na saba), na labda kwa sababu hiyo nilikuwa mtu wa wasiwasi sana, mtu wa kufunga skrubu kisha kuifungua ili kuhakikisha kwamba nimeifunga. Redio ya mteja ilikaa kwangu wiki nzima hata kama ubovu wake ulikuwa wa dakika tano, maana siku zote hizo nilikuwa nairudia kuisikiliza kama inakoroma.

Haji Awale alinivumilia. Babu yake, Msomali, alikuja Isiolo kama askari wa Waingereza, baba yake akafungua duka, na yeye akaongeza malori mawili ya kwenda kaskazini. Aliuza unga, sukari, majani chai, blanketi, masufuria, kengele za ngamia. Kurani aliisoma vizuri kabisa, ila herufi za kizungu hazikuwahi kukutana naye, na hilo mlikumbuke kwa sababu litarudi.

Sasa mwaka huo nikaenda Nairobi kununua vipuri vya redio, na nikipita mbele ya benki moja nikaona kitu ambacho miguu yangu ilikiona kabla ya akili, maana ilisimama yenyewe. Dirishani kulikuwa na ubao mweusi, na ndani ya ubao maneno mekundu yalikuwa yanatembea. Sisemi yaliandikwa, nasema yalitembea. Yalitokea upande wa kulia, yakapita polepole kama ngamia wanaokwenda kisimani, moja nyuma ya jingine bila kusukumana, yakaingia kushoto na kupotea, na kabla hujapata nafasi ya kuhuzunika yakatokea tena kulia. Nikasogea mpaka pumzi yangu ikagusa kioo. Kila herufi ilikuwa imetengenezwa kwa nukta ndogo za mwanga, na kila nukta ilikuwa inajua zamu yake ya kuwaka na zamu yake ya kuzima, mamia ya nukta, na hakuna hata moja iliyokosea. Mimi ambaye sijawahi kufanya kitu kisicho na kosa nilitaka kulia.

"Kijana, unangojea nani hapa?" mlinzi akaniuliza.

"Nasoma."

"Umesoma tangu saa nne. Hiyo ni bei ya pesa za nje, haibadiliki leo."

Nikaenda kwa muuza vipuri na kumweleza nilichokiona, naye akafungua droo akanitolea punje moja nyekundu, ndogo kama punje ya mtama, yenye miguu miwili ya waya. Akaiwasha kwa betri. Nikaishika ikiwa inawaka. Haikuchoma. Ilikuwa baridi kama kokoto ya asubuhi na bado ilikuwa inawaka, na akaniambia kwamba ikitunzwa itawaka miaka na miaka, haina uzi ndani wa kukatika kama balbu. Kitabu changu kiliitaja kwa herufi tatu, L, E, D, kwenye ukurasa ambao panya walikuwa wamekula nusu. Mimi nikaziita punje, na jina hilo ndilo lililobaki Isiolo.

Niliporudi nilimwashia Haji moja mezani kwangu. Akainama mpaka kofia yake ikanigusa paji la uso.

"Warya Galgalo, hii mdudu imekula nini ndiyo inawaka hivi?" akaniuliza ("warya" ndivyo Wasomali wanavyomwita mwanamume).

"Umeme kidogo tu, Haji."

"Na moto yake inakaa wapi?"

"Haina moto."

Akaigusa, akautoa mkono haraka, akaigusa tena. Halafu akauliza kama mtu anaweza kuandika maneno kwa kitu hicho, juu ya duka, watu wakaona kutoka mbali.

Nilijua anafikiria nini. Mji mzima ulijua. Kilikuwa kimepita kipindi cha uhaba wa sukari, na maneno yakaenea kwamba dukani kwa Awale ukiuliza sukari unaambiwa hakuna, lakini akija mtu wa kwao, iko. Kama ilikuwa kweli au la mimi sijui, mpwa wake ndiye aliyekuwa anasimama kwenye kaunta siku hizo. Ninachojua ni kwamba kina mama waliokuwa wakiteremka na mbuzi kutoka upande wa Kipsing, ambao miaka yote walinunua kwake, waliacha kabisa. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja Mturkana, mrefu, Mama Ekiru, na kila siku ya soko alipita mbele ya duka akiangalia mbele, shingo imekakamaa, kama vile pale pana choo. Haji alikuwa anasimama mlangoni kumtazama akipita.

"Baba yangu aliuza hapa, na hakuna mtu alimpita," aliniambia mara moja, na sauti yake ilinifanya niangalie redio niliyokuwa nimeshika.

Kwa hiyo alijua anachotaka kiandikwe. Hakufikiria hata kidogo.

"Andika hivi. IKO KWA WATU YOTE."

Na hapa, ndugu zangu, ndipo nilipochukua jembe nikaanza kujichimbia. Ningeandika tu. Kila mtu wa Isiolo angeelewa, kuanzia muuza miraa mpaka ofisa. Lakini mimi darasa la saba nilifundishwa na Mwalimu Mutuma, Mmeru mmoja mkali wa sarufi, aliyetupiga kwa chaki tukisahau kiambishi, na ndoto yangu ilikuwa siku moja apite chini ya kazi yangu, asome, atafute kosa, alikose.

"Haji, hicho si Kiswahili."

"Ni nini basi? Kisomali?"

"Ni Kiswahili lakini kimevunjika. Watu ni wote, si yote. Halafu hiyo 'iko', ni nini iko?"

"Kila kitu iko."

"Tuseme hivi: TUNAWAUZIA WATU WOTE."

Akalionja neno mdomoni. "Tu-na-wa-u-zi-a. Hiyo ni ndefu kama barabara ya Marsabit. Na 'iko' yangu imeenda wapi?"

"Imo ndani yake, Haji."

"Mimi siioni." Akanitazama. "Lakini sawa. Wewe ndiye umesoma."

Alituma dereva wake Nairobi na barua yangu, zikaja punje, mfuko mzima, na mimi nikajifungia kwenye stoo ya mama kule Bulla Pesa. Nilichukua ubao mpana nikaupaka rangi nyeusi, nikautoboa matundu kwa msumari wa moto, nikapanga punje moja moja na kuzilehemu kwa nyuma, chuma changu cha kulehemu nakipasha kwenye jiko la makaa. Maneno yangu hayakutembea kama ya benki (hilo sikujua nianzie wapi, labda lilikuwa kwenye zile kurasa za mwanzo), yalisimama tu mahali pake, lakini yaliwaka. Kila herufi niliipa waya wake mwenyewe. Isipokuwa moja. Herufi I ina punje chache, na ilipopata waya wake peke yake iling'aa kuliko wenzake, na mimi siwezi kula chakula kikateremka wakati herufi moja inang'aa kuliko nyingine, basi nikaiunganisha kwenye waya mmoja na jirani yake Z ili wagawane. Zikawa sawa kabisa. Nilijipongeza kwa hilo siku mbili nzima.

Mama alikuja siku ya mwisho kuchukua unga, akafungua mlango, akakuta giza la stoo limejaa maneno mekundu. Mama hajui kusoma. Alisimama na ungo wake, uso wake mwekundu kwa ule mwanga, akasema "Bismillahi" polepole sana, akaufunga mlango taratibu kama mtu aliyemkuta mgeni amelala. Siku hiyo tulikula viazi, unga haukutoka.

Haji akatangaza siku ya soko, saa sita mchana. Akapika chai ya maziwa ya ngamia masufuria mawili, akatuma watu na ujumbe, hasa kwa kina mama wa Kipsing, kwamba kuna kitu ambacho Isiolo haijawahi kuona na wanaombwa waje wakione hata kama hawanunui. Na walikuja. Mama Ekiru alisimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, hakuvuka, lakini alisimama.

Tukauegemeza ubao kwenye magunia varandani, nikaunganisha betri ya lori, nikasema, "Tazameni."

Wakatazama. Nami nikatazama. Hakukuwa na kitu.

Mnalijua jua la Isiolo la saa sita. Punje zote zilikuwa zinawaka, naapa, lakini mbele ya jua lile zilikuwa kama mtu anayenong'ona kwenye mnada wa ngamia. Mimi ambaye nilizijaribu zaidi ya mara arobaini, nilizijaribu mara zote hizo ndani ya stoo isiyo na dirisha.

"Imelala," akasema mtu.

"Haijalala, imekufa."

"Chai ni tamu lakini."

Jasho lilinitoka mpaka kwenye vidole vya miguu. Haji aliingia dukani, akatoka na blanketi jipya la kijivu, akalitupa juu ya ubao, akamshika mkono bibi mmoja muuza maziwa aliyekuwa karibu, tuliyemwita Akko Qabale, akamwinamisha akamwingiza kichwa chini ya blanketi.

Tukasubiri. Akko Qabale hakutoka. Kibuyu chake cha maziwa kilikuwa nje, yeye nusu ndani nusu nje, na watu wakaanza kuulizana kama anapumua. Mwishowe akatoka, shuka yake imemteremka kichwani, hakuitengeneza.

"Umeona nini, Akko?"

"Nyota," akasema. "Zimekaa kwa mstari. Zimetulia." Akanigeukia mimi. "Hazina moto?"

"Hazina, Akko."

"Nimeweka shavu," akasema. "Kweli hazina."

Basi ikawa foleni. Sijawahi kuona foleni nzuri kama ile, hata ya hospitali. Wazee wenye vilemba, kina mama wenye shanga, wauza miraa, polisi wawili waliovua kofia zao, mmoja mmoja anainama, anaingiza kichwa, ananyamaza, anatoka akiwa mtu mwingine. Aliyetoka hakueleza, alimwambia tu wa nyuma, "Ingia uone." Hakuna aliyesoma neno lolote, maana chini ya blanketi, pua ikiwa imegusa ubao, unaona herufi moja tu na jirani yake. Waliona mwanga wenyewe. Na mimi nilisimama pembeni nikiwatazama wakitazama, na nilihisi kile nilichohisi mbele ya benki, safari hii kutoka upande wa pili wa kioo.

Haji akatangaza kwamba jua likishuka ubao utapanda juu ya mlango na kila mtu ataona kwa pamoja. Hakuna aliyeondoka. Walikuja wengine.

Ningekaa nikanywa chai. Mtu mwenye akili angekaa akanywa chai. Lakini blanketi lilipoondolewa nilipitisha jicho kwenye ubao, nikaona kwenye Z, pale chini kwenye mstari wake wa kulala, punje moja imeinama. Labda ilisukumwa na kilemba, labda na shavu la Akko Qabale. Iliinama kidogo kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango. Hakuna binadamu angeiona kutoka barabarani. Mimi niliiona, na baada ya kuiona sikuona kitu kingine duniani.

Nikapasha chuma kwenye jiko la chai, nikaugeuza ubao, nikailegeza ile punje nikainyoosha, na wakati wa kuinyoosha mkono wangu ukavuta ule waya mmoja wa Z na I ukachomoka. Nikaulehemu tena haraka haraka, chuma kimeshapoa, watu wanaita, Haji anasema "Warya, maghrib inakaribia." Mtu wa kazi yangu anajua: risasi ya kulehemu ikishika vizuri inang'aa kama jicho la samaki. Ile yangu ilibaki kijivu. Niliona kwamba ni kijivu. Nikajiambia ni kivuli.

Tulisali, tukarudi. Wapakiaji wawili wa lori wakauvuta ubao kwa kamba mpaka juu ya mlango, wakaufunga imara, ukigongagonga ukuta njia nzima. Mimi nikapanda juu ya mabati na betri, nikakaa nyuma ya ubao kama mtu nyuma ya pazia, siwaoni, hawanioni. Mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Nikagusisha waya.

Kimya.

Soko zima kimya, nyinyi mnaoijua Isiolo siku ya soko mnajua kwamba kitu kama hicho hakipo. Mbuzi tu ndio waliosikika. Pembeni ya ubao, kwenye vumbi la mbele ya duka, niliona wekundu umemwagika, na nikajua kwamba zinawaka. Nikafikiri, wameshangaa hadi wameishiwa maneno. Machozi yakanitoka, na sina aibu kusema hivyo, aibu yangu iko mahali pengine. Kisha nikasikia Haji akikohoa, akaanza hotuba.

"Mmeona? Wale wanajua kusoma wamesoma. Hiyo maneno imetoka hapa," nikasikia akipiga kifua, "na si maneno ya leo. Babu yangu alikuja hapa askari, ndiye alianza. Baba yangu akafanya. Na mimi nafanya. Mborana akija, Mturkana akija, Mmeru, Msamburu, Msomali mwenzangu, hatuchagui. Watu yote ni sawa."

Mtu mmoja akapiga chafya, au nilifikiri ni chafya.

"Haji," ikaja sauti ambayo ningeitambua hata kaburini, sauti ya Mwalimu Mutuma. "Hata watoto?"

"Hata watoto, Mwalimu. Wewe mtume tu mtoto, hatumrudishi. Tutamaliza kazi haraka na tutafungia kwa karatasi vizuri."

Hapo soko likapasuka. Walicheka mpaka mabati niliyokalia yakatetemeka, nikasikia masufuria yakianguka, nikasikia mwanamke akiomba ashikwe. Na mimi, Mungu anisamehe, nikadhani ni furaha. Nikasimama juu ya paa, nikawapungia mkono.

"Galgalo," Mwalimu akaita kwa shida, amejishika mbavu, "viambishi vyote viko, hongera. Lakini Z yangu umeiweka wapi?"

Nikainama juu ya ukingo wa ubao nikausoma kwa juu, kichwa chini. Z ilikuwa imelala. I ilikuwa imelala pamoja nayo, majirani wangu wa waya mmoja. Palikuwa na pengo dogo jeusi, lakini jicho la mtu anayesoma linaruka pengo kama mbuzi anavyoruka mfereji, na yaliyobaki yaling'aa kwa usawa kabisa, bila kosa la sarufi hata moja: TUNAWAUA WATU WOTE.

Kitu cha busara kilikuwa kuchomoa waya wa betri, maneno yote yazime, tuombe radhi gizani. Lakini mimi sikutaka waende nyumbani na kosa, nilitaka wapate neno sahihi kwanza, basi nikaupiga ubao kofi kwa nyuma. Z na I zikaamka. Watu wakasoma kwa sauti: "Tunawauzia." Zikalala tena. "Tunawaua." Nikapiga tena. "Tunawauzia." Zikalala. "Tunawaua." Kila nilipopiga walisoma, wote pamoja, kama watoto wa chuo cha Kurani, tunawauzia, tunawaua, tunawauzia, tunawaua, na walioshindwa kusoma walijiunga kwa kufuata wenzao, mpaka mkono wangu ulipovimba.

"Warya," sauti ya Haji ikatoka chini, si kubwa. "Shuka."

Nikashuka. Alikuwa amesimama mlangoni, tabasamu la hotuba bado limebaki nusu usoni, halijui liende au likae.

"Watu wanacheka nini?"

Wote wakanyamaza wasikie nitakavyomwambia. Nikamwambia. Nilimwambia kwa sauti ya chini kabisa, herufi mbili, Haji, Z na I, na neno limekuwa hili, na wewe ukasimama ukasema babu yako ndiye alianza.

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifanya vile. Hakukasirika, ningependa akasirike. Alitazama ng'ambo ya barabara pale alipokuwa amesimama Mama Ekiru, na nikaona mtu ambaye alitaka kusema jambo moja tu kwa watu wake, akalisubiri miezi, na mimi nimemgeuzia maneno mdomoni. Nikatamani vumbi linimeze na meza yangu.

Mama Ekiru akavuka barabara. Watu wakampisha. Akasimama chini ya ubao, shanga zake zote nyekundu kwa ule mwanga, akautazama kwa muda, kichwa nyuma. Kisha akamtazama Haji.

"Wameniambia imeandikwa unaua watu."

"Mama, ni kosa ya fundi."

"Nangoja. Unaua Waturkana peke yake?"

Haji akaonyesha ubao kwa kidole. "Imeandikwa yote."

"Na wale wa kwenu?"

"Na wale wa kwetu."

"Hata huyu mpwa wako wa kaunta?"

Haji akamgeukia mpwa wake, akamwangalia kuanzia kofia hadi viatu. "Huyo wa kwanza kabisa," akasema.

Watu wakaanza kucheka tena, lakini Mama Ekiru aliinua mkono wakaacha. Hakuwa anacheka. Alikuwa anapima.

"Basi hiyo ni haki," akasema. "Awale, sukari iko?"

Mamia ya watu, na hakuna aliyekohoa, wote wanamtazama Haji mdomoni.

"Iko," Haji akasema.

Akaingia mwenyewe nyuma ya kaunta, akamsogeza mpwa wake kando kwa kiwiko, akampimia mbele ya mlango uliojaa vichwa, na juu ya vichwa vyote mwanga wangu mwekundu ukiendelea kuwatishia maisha. Mama Ekiru akafunga sukari kwenye kitambaa chake, akatoka. Nyuma yake waliingia wenzake wa Kipsing. Walinunua mpaka isha, na kila aliyeingia aliinua mikono juu kwanza, "Haji, usiniue kabla sijapata majani chai."

Siku tano Haji hakusema nami. Nilikaa mezani nimejikunja, wapita njia wananiuliza leo tumeua wangapi. Duka lenyewe lilipata jina siku ile ile, na jina hilo ndilo watu wanatumia mpaka leo, mtu akimwagiza mwenzake kengele ya ngamia anamwambia, nenda pale kwa Tunawaua. Siku ya sita Haji akaniletea chai, akaiweka juu ya meza yangu.

"Ile ya kwanza niliyokuambia," akasema, "ungeandika ile."

"Najua, Haji."

"Sasa usiandike hata ile. Andika moja. Kubwa. Andika IKO."

Sikusema kitu kuhusu nini iko. Nilizing'oa punje zote, nikatengeneza herufi tatu, kila moja na waya wake, zenye urefu wa mtu aliyechuchumaa, nikatazama kila tone la risasi mpaka likang'aa. (Nikakaa pia na karatasi, nakubali, nikatoa herufi moja moja kuona kitabaki nini: KO, IO, IK. Hakuna aliyekufa.)

Jioni ya kwanza ilipowaka, hapakuwa na chai wala hotuba. Akko Qabale alikuwa anarudi na kibuyu chake kitupu, akasimama katikati ya barabara, lori likampigia honi akalipuuza. Akaniuliza imeandikwa nini safari hii. Nikamwambia. Akainua kidole, akaonyesha ya kwanza, ya pili, ya tatu, midomo yake inatembea. "Iko," akasema. Akarudia toka mwanzo. Halafu akaniambia, bila kuniangalia mimi, macho juu, kwamba ana miaka yote hii na hilo ndilo neno la kwanza aliloliona likisema naye.

Mwalimu Mutuma naye alipita, akasoma, akanitazama, akaitoa chaki mfukoni kwa mzaha, akairudisha. Nikamwangalia mpaka akakata kona. Nimekwisha kuapa, na kiapo nimekishika: mtu akinipa neno lake niliwashe, naliwasha kama alivyolisema.